Mume wangu ana amri ya zuio, nami nataka ifutwe. Naanzia wapi?

BintiWete

Assalaam alaykum, na wengine wote hamjambo. Naomba msinitukane, matusi ya magrupu ya WhatsApp yamenitosha.

Niko Leicester, Uingereza, na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa Rajabu tuligombana na mume wangu, akanisukuma nikaangukia kona ya meza ya jikoni, kisha akaivunja simu yangu. Jirani akawaita polisi. Mahakamani alikiri kosa. Hakufungwa: alipewa kazi za jamii bila malipo, akawekwa chini ya ofisa wa probesheni, yaani anayewasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya gereza, na mimi nikaletewa karatasi ya amri ya zuio ya miaka miwili. Inasema asiwasiliane nami kwa njia yoyote, moja kwa moja wala kupitia mtu mwingine, na asiingie mtaa wetu, tena mtaa umetajwa kwa jina. Siku ile polisi aliponiuliza kama naitaka hiyo amri nilisema ndiyo, na sijutii. Bega lilikuwa jeusi.

Sasa yeye yuko Birmingham, amepanga chumba kwa rafiki yake. Kazi anafanya, na kozi aliyopangiwa na probesheni anahudhuria. Mdogo wake huniletea pesa za watoto kila Ijumaa, na Ijumaa iliyopita alinipa bahasha akasema, "Kaka anaomba radhi, anauliza Eid mtafanyaje." Mama mkwe anapiga simu kutoka Wete, Pemba, asubuhi na jioni: mwambie mumeo arudi kwake, mambo ya mume na mke hayaanikwi barabarani. Mwanangu mkubwa ana miaka 7. Zamani alikuwa akiuliza baba yuko wapi. Siku hizi haulizi, na hilo linanitesa zaidi.

Nataka amri ifutwe. Polisi niliyempigia aliniambia "hii si kesi yako tena" akakata simu. Je, ni mume wangu tu anayeweza kwenda kuomba, au hata mimi? Inachukua muda gani? Na je, nikimpigia simu mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, kuna ubaya? Nauliza kwa sababu Eid imekaribia.

---

MzeeWaGerezani

Binti, mbona unajisumbua? Wewe ndiye uliyepigwa, wewe ndiye uliyesamehe, kesi imekwisha. Mwambie mwenzako aje Eid usiku usiku, alale, alfajiri aondoke. Polisi wa Uingereza wana kazi nyingi, hawatakuja kuchungulia chungu chako cha biriani. Hiyo ni karatasi tu.

---

BiMkalimani

Mzee, ushauri kama wako ndio unaojaza mahabusu za Midlands vijana wa watu. Nisamehe, lakini nimesimama pembeni yao mara nyingi mno nikiwatafsiria maneno "ulijua kwamba kuna amri?" na wote hujibu kitu kimoja: "Lakini yeye ndiye aliyeniita."

BintiWete mwanangu, mimi ni mkalimani, mahakamani na hospitalini. Si wakili, na kabla hujasaini chochote umwone wakili. Ila haya nimeyasikia na kuyasema kwa lugha mbili mpaka yamenikaa kichwani.

Kwanza simu, maana hilo ndilo la leo. Usimpigie. Amri ile si yako wala si ya mumeo, ni ya mahakama. Umesamehe, Mungu akulipe, lakini msamaha wako haufuti hata nukta moja kwenye ile karatasi. Inamfunga yeye, wewe haikufungi. Ndiyo maana simu yako ni hatari kwake, si kwako: ukimpigia akajibu akakaa anazungumza nawe, aliyevunja amri ni yeye. Akija Eid mkala pamoja mkicheka, amevunja amri. Jirani yule yule aliyepiga simu mwaka jana bado anaishi ukuta wa pili, sivyo? Kuvunja amri ya zuio bila sababu ya msingi ni kosa jipya la jinai, peke yake, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 5. Kama mumeo hana pasipoti ya Uingereza ndiyo kabisa: mgeni akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi anaingia kwenye Sheria ya Mipaka ya 2007, inayomtaka waziri atoe amri ya kumfukuza nchini, labda awe ndani ya misamaha michache iliyoandikwa humo.

Na bahasha ya Ijumaa. Pesa za watoto hakuna anayekunyima. Lakini "kaka anaomba radhi, anauliza Eid mtafanyaje" ni mawasiliano kupitia mtu mwingine, na wewe mwenyewe umetuandikia kwamba karatasi inakataza kupitia mtu mwingine. Kijana yule anadhani anasuluhisha, kumbe anamchimbia kaka yake. Pesa ziingie benki, na kwenye nafasi ya maelezo ya muamala pasiandikwe kitu. Hata "nakupenda" ya pauni moja ni ujumbe.

Sasa swali lako lenyewe. Ndiyo, unaweza kwenda wewe. Kwa England na Wales, amri za namna hii anazowekewa mtu akishatiwa hatiani zimo kwenye Sheria ya Utoaji Adhabu ya 2020, kifungu cha 360. Kifungu cha 361 ndicho kinachosema nani anaweza kuomba ibadilishwe au ifutwe: mwendesha mashtaka, mshtakiwa mwenyewe, na mtu mwingine yeyote aliyetajwa ndani ya amri. Huyo wa tatu ni wewe. Hata mumeo akitangulia kuomba, mahakama haiwezi kukupita kimya kimya, una haki ya kusikilizwa. Yule polisi alikuwa na nusu ya ukweli: kesi ilikuwa ya Mfalme dhidi ya mumeo, wewe ulikuwa shahidi. Lakini kwenye amri jina lako limo, na hilo linakupa mlango.

Maombi yanakwenda kwenye mahakama iliyotoa amri. Kama ni mahakama ya mahakimu, hapo hapo, kama ni Mahakama ya Crown, ile ya kesi kubwa za jinai, huko huko. Yanakuwa ya maandishi, na fomu yake iko kwenye tovuti ya serikali pamoja na fomu nyingine za kesi za jinai. Ina sehemu mbili zenye uzito: ni kitu gani kikubwa kimebadilika tangu amri itolewe, na kwa nini kwa sababu hiyo amri ibadilishwe au iondolewe. Nakala anapelekewa upande wa pili na waendesha mashtaka, na mahakama hairuhusiwi kukubali maombi kabla wote hao hawajapata angalau siku 14 za kusema lao. Wala hairuhusiwi kukukatalia bila kukupa nafasi ya kusimama mbele yao ukasema. Kwa hiyo Eid hii, mwanangu, haiwahi. Naomba uliweke hilo moyoni mapema ili mama mkwe asikutie presha.

Wanachotaka kujua mahakimu ni ile hatari iliyowafanya waandike amri imekwenda wapi. Wapo mawakili watakaokutajia kesi ya Brown ya 2012, ambapo Mahakama ya Rufaa iliiondoa amri ya zuio ya mwanamume aliyempiga mwenzake, kwa kuwa mwanamke mwenyewe, mtu mzima na akili zake, alitaka waendelee pamoja. Kesi ipo, na ina nguvu. Lakini ili ikufae lazima kwanza waamini kwamba sauti wanayoisikia ni yako.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Nilitafsiri shauri moja, sitasema mji, mahakama ilikuwa wazi na watu wamekaa nyuma. Dada wa kwetu ameleta barua ya kurasa mbili, Kiingereza cha kunyooka, "material change in circumstances" (mabadiliko makubwa ya hali) na kadhalika. Hakimu wa katikati, mama mwenye miwani ya mnyororo, akaisoma, akaiweka chini, akamuuliza taratibu: "Hii barua umeandika wewe?" Nikatafsiri. Dada akasema ndiyo. "Nisomee mstari wa kwanza." Dada akanitazama mimi. Nyuma yetu mtu akakohoa, na dada akageuka kumtazama kabla ya kujibu. Ni hicho tu, kugeuka. Hakimu alikiona, nami nikamwona akikiona. Maombi yale hayakwenda popote siku ile, wakaahirisha ili dada aonane kwanza na mshauri peke yake, bila ndugu.

Kwa hiyo andika mwenyewe. Kwa Kiswahili chako, hata cha Kipemba, kisha kitafsiriwe. Na usije na shemeji.

---

BabaS_Luton

Naongezea kutoka upande wa pili, maana mimi ndiye niliyewekewa. Sitaji jina wala mahakama.

Ya kwangu ilikuwa ya miaka mitatu. Niliomba mara ya kwanza baada ya miezi michache, bila wakili. Hakimu akaniuliza nini kimebadilika tangu amri itolewe. Nikasema, moyo wangu. Akaandika kitu, akasema asante, imekataliwa. Haikuwa dharau. Ukifikiria, angeandika nini kwenye faili? "Moyo"?

Mara ya pili nilikuwa na karatasi. Cheti cha kumaliza kozi ya probesheni, ile ya Building Better Relationships kwa wanaume waliowaumiza wenza wao. Barua ya ofisa wangu wa probesheni akieleza kwamba sikukosa kikao na kwamba haoni tatizo la mawasiliano kuhusu watoto. Mkataba wa nyumba yangu mwenyewe, kuonyesha siombi kurudi kwa mama watoto kwa kukosa pa kulala (waliuliza hilo, ndiyo). Na mama watoto mwenyewe alipeleka lake, kwa njia yake, mimi sikuliona hadi siku ile.

Hawakuifuta. Waliibadilisha. Marufuku ya kumtisha, kumbughudhi na kutumia nguvu ilibaki pale pale, na ya kufika nyumbani kwake ilibaki. Kilichofunguliwa ni ujumbe wa simu kuhusu watoto na kuwapokea kwenye maegesho ya maktaba. Watu wengi hawajui kwamba kuna hatua hii ya katikati, wanadhani ni kufutwa au kubaki. Mimi iliniokoa. Wanangu nawaona, na yeye anajua nikivuka mstari kuna pa kukimbilia. Hata yeye alisema analala vizuri zaidi hivyo.

Jambo jingine: siku ilipobadilishwa nilitoka saa sita mchana natetemeka kwa furaha, simu mkononi. Wakili akaniambia, usiguse. Subiri karatasi mpya uwe nayo, na polisi wawe nayo kwenye mfumo wao. Ofisa wa zamu anaamini anachokiona kwenye skrini, na wewe huna muda wa kumfundisha sheria ukiwa na pingu.

Na mumeo asichanganye na rufaa. Kukata rufaa kwamba amri haikustahili kutolewa kuna muda wake mfupi sana, kutoka mahakama ya mahakimu ni siku 15 za kazi. Huo umepita zamani. Kuomba mabadiliko ni mlango mwingine, hauna tarehe hiyo.

---

ShangaziM

Watu wameeleza sheria vizuri. Mimi nina swali moja tu kwa mwenye mada, na si lazima unijibu hapa.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Mama mkwe anataka arudi. Shemeji anataka arudi. Mume anauliza Eid mtafanyaje. Mtoto amenyamaza. Kisha unasema "nataka amri ifutwe." Wewe, ukitoa hao wote nje ukafunga mlango, unataka nini? Unataka alale nyumbani? Au unataka mtoto azungumze na baba yake? Au unataka simu ya kutoka Wete inyamaze?

Kila moja ya hayo ina dawa yake, na si zote zinapita kwenye kufuta amri. Amri ikifutwa imefutwa. Akikusukuma tena mwezi wa pili, polisi wanaanza upya, kosa jipya, ushahidi mpya. Ikiwepo, akisimama tu mtaani kwako ni kosa.

Na mume ambaye kweli amebadilika hatumi mdogo wake kuuliza habari za Eid huku akijua karatasi inasema nini. Nimesema, nitukaneni.

---

MzeeWaGerezani

Shangazi, sasa unavunja ndoa ya watu. Kwetu tungewaita wazee wa pande mbili wakakaa, basi.

---

ShangaziM

Wazee wakae, nani kawakataza? Ila bwana hawezi kuwatuma wazee kwa mkewe na ujumbe, amri haijui mvi. Wakikaa, wakae na yeye huko Birmingham wamuulize bega la mwanamke lilikuwaje jeusi.

---

Mswahili_Glasgow

Kwa wanaosoma wakiwa Scotland, angalieni, huku ni sheria nyingine kabisa, msije mkajaza fomu ya Waingereza. Huku inaitwa amri ya kutobughudhi, ipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Scotland ya 1995, kifungu cha 234A. Anayeweza kuomba ibadilishwe au ifutwe ni yule aliyewekewa, au mwendesha mashtaka. Aliyekingwa hajatajwa kwenye orodha hiyo, kwa hiyo mwanamke akitaka ilegezwe anazungumza na ofisi ya mwendesha mashtaka, au mume ndiye aombe. Tena huku mahakama ikiibadilisha haiwezi kurefusha muda wake. Na tangu Aprili 2019 kesi za ukatili wa majumbani karibu zote hakimu anaweka amri hii isipokuwa aridhike kwamba haihitajiki, kwa hiyo usishangae ukiiona hata kama hakuna aliyeiomba.

Jamaa yangu alihamia huku kutoka Manchester akiwa na amri ya kule, akadhani mpaka wa Gretna umeifuta. Haikufutwa.

---

BiMkalimani

Ahsante Glasgow, na hapo umenikumbusha. Huku England kubadilisha kunaweza kwenda pande zote mbili. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2005, kesi ya mwendesha mashtaka dhidi ya Hall, kwamba kubadilisha amri kunaweza kuwa hata kuurefusha muda wake. Kwa hiyo mume asiingize maombi huku simu yake imejaa ujumbe wa shemeji, waendesha mashtaka wakayaona na wao wakaomba ya kwao.

---

BintiWete

Nimesoma yote jana usiku, watoto wamelala. Shangazi, umenikaba. Nilikasirika kwanza, nikazima simu. Halafu nikaiwasha.

Kulala nyumba moja, bado. Naona aibu kusema lakini mlango wa mbele ukigongwa kwa nguvu mpaka leo napata baridi mgongoni, hata akiwa ni mtu wa vifurushi. Ninachotaka ni watoto wamwone baba yao, na mimi niweze kumwambia mtoto ana homa bila kupitia mtu. Basi. Mama mkwe nitamwambia kesi iko mahakamani, hilo neno analiogopa.

Shemeji nimemwambia leo. Ameudhika, amesema nimebadilika kwa sababu ya Uzunguni. Pesa amesema ataweka benki.

Sasa BiMkalimani, kwa hiyo niombe "kubadilishwa" si "kufutwa"? Na ya kumwona watoto ni mahakama ile ile?

---

BiMkalimani

Mwanangu, sasa nimeisikia sauti yako. Hayo maneno ya mlango na homa ya mtoto yaandike hivyo hivyo kwenye fomu. Hakimu akisoma "naogopa mlango ukigongwa, lakini nataka watoto wamwone baba yao" hatauliza nani amekuandikia.

Ndiyo, uombe kubadilishwa. Na usiombe kwa maneno mapana kama "tuwasiliane kwa busara", hayo yatamponza yeye: busara ya nani? Sema kinachofunguliwa ni nini. Ujumbe wa maandishi tu, kuhusu afya, shule na mipango ya watoto tu. Akiandika "nimekukumbuka" basi amevuka, na nyote wawili mnajua. Kupokeana watoto mahali palipotajwa, si mlangoni kwako. Mtaa wenu ubaki kwenye amri. Kumtisha na kutumia nguvu vibaki, na hilo hata wewe usipoliomba wataliacha.

Watoto ni mahakama nyingine, ya familia. Yeye au wewe mnaomba amri ya mipango ya watoto, Sheria ya Watoto ya 1989, kifungu cha 8. Wanaweza kusema aanze kuwaona kwenye kituo cha kukutania, kuna watu wanaangalia, halafu polepole. Lakini shika hili: mahakama ya familia haiwezi kuifumba macho amri ya jinai. Ikisema amwone mtoto Jumamosi, na amri ya zuio inasema asiwasiliane nawe kabisa, ile ya jinai bado inauma. Lazima karatasi mbili zisomane. Ndiyo maana unazipeleka pamoja, na kila mahakama unaionyesha ya mwenzake.

Kabla ya yote, fanya kitu kimoja leo. Chukua ile karatasi uisome tena mpaka chini, uniambie mambo mawili: watoto wametajwa kwa majina mahali popote? Na mwishoni, baada ya marufuku, kuna sentensi inayoanza na "isipokuwa"?

---

BintiWete

Nimeisoma kwa kidole. Watoto hawakutajwa. Ni mimi na mtaa tu.

Na ipo! Chini kabisa, herufi ndogo kuliko nyingine: isipokuwa kupitia wakili, au mahakama ya familia, kwa ajili ya kupanga kuonana na watoto. Miezi yote hii imo humo ndani ya droo.

---

BiMkalimani

Alhamdulillah. Basi huo mstari hauhitaji maombi wala siku 14, unatumika tangu siku amri ilipotolewa. Wakili wake anaweza kukuandikia barua kesho kuhusu watoto na hakuna aliyevunja kitu. Lazima iwe barua ya wakili, kwa karatasi ya wakili. Si shemeji, si imamu, si wazee. Na iwe ya watoto tu. Ofisi za ushauri za Citizens Advice zitakuelekeza kwa wakili wa familia. Kwa kuwa mahakama imeshamtia hatiani kwa kukupiga wewe, unaposhughulikia kesi ya watoto waulize kuhusu msaada wa kisheria wa serikali. Hukumu kama ile ni mojawapo ya ushahidi unaokubaliwa, na kipato chako wataangalia. Nakala ya hukumu utaihitaji.

Yeye kujua hili utamwambiaje? Hutamwambia. Ofisa wake wa probesheni atamwambia. Mpigie ofisa, si yeye.

Maombi ya kubadilisha amri yaendelee pole pole nyuma ya hilo. Na uwe na mshauri wako wa waathirika wa ukatili wa majumbani, wale wanaoitwa IDVA. Polisi au Refuge, shirika la kuwasaidia wanawake waliopigwa, watakuunganisha, atakaa nawe mahakamani, na mahakimu wakiona umekuja na huyo badala ya ukoo wa mume wanapumua.

---

BabaS_Luton

Mwambie ofisa wa probesheni pia kuhusu bahasha za Ijumaa kwamba zimekoma na pesa zinaingia benki. Kwa maandishi, barua pepe. Siku wakiuliza, tarehe iwepo.

---

BintiWete

Nimeandika barua pepe kwa ofisa wake sasa hivi. Mahakama nitapiga Jumatatu wakifungua. Niwaambie nini hasa?

---

BiMkalimani

Namba ya kesi iko pembe ya juu kulia ya karatasi yako, anza nayo. Waambie wewe ndiye uliyetajwa kwenye amri, unataka kupeleka maombi ya kuibadilisha, na waulize yapelekwe kwa barua pepe ipi. Halafu sema unataka mkalimani wa Kiswahili siku ya kusikilizwa, na waandike Kiswahili. Wakisikia Pemba wanaweza kukuletea Msomali.